Nunda, Skeitibodi na Mteremko wa Wusi

Kuna vitu viwili ninavyovipenda ambavyo, ukivitaja huku Wusi mbele ya watu wazima, utapata jibu lilelile. Cha kwanza ni hadithi za ajabu: mazimwi, majini, paka wanaosema, nchi zinazoelea hewani. Cha pili ni skeitibodi, ule ubao wa magurudumu manne. Jibu lenyewe huwa: "Hayo ni mambo ya wazungu." Ukiwa na bahati utaongezewa: "Tena ya watoto."

Sasa, mimi si mtu wa kubishana na wakubwa. Lakini shitaka ni shitaka, na linafaa kupelekwa mahali linapoweza kuchunguzwa. Nimelipeleka kwenye historia, na hukumu niliyorudi nayo ina sehemu mbili. Kuhusu hadithi za ajabu, shitaka si kweli hata kidogo. Kuhusu skeitibodi ni kweli, ilizaliwa Marekani, lakini ukifuatilia namna ilivyozaliwa utaona kwamba kijana wa Wusi ana haki nayo kuliko anavyodhani.

Tuanze na mahali penyewe. Wusi iko kwenye Milima ya Taita, upande wa Mwatate. Ukisimama huku juu siku isiyo na ukungu, unaona nchi kavu ya Tsavo imetandazwa chini mpaka macho yachoke. Huku juu kuna migomba, baridi ya asubuhi, na mashamba yaliyoshikilia ubavu wa mlima. Barabara ya kutoka Mwatate kwenda Wundanyi inapanda kona baada ya kona. Ardhi iliyo sawa ni adimu, na kila kinachomponyoka mtoto hushuka: chungwa, mpira, mtungi wa maji, yeye mwenyewe. Kwa hiyo mteremko tunaujua. Hatuhitaji kufundishwa na mtu.

Wazee wa Wadawida waliisoma milima hii kwa namna mbili kwa wakati mmoja. Msitu ulikuwa kuni na maji, lakini kulikuwa na misitu mingine iliyoitwa fighi, iliyoheshimiwa kwa sababu iliaminiwa kulinda nchi dhidi ya maadui na majanga. Pango lilikuwa mwamba wenye uwazi, lakini pia palikuwa mahali pa ukoo: mzee aliyeheshimiwa alizikwa, kisha baada ya muda kichwa chake kilifukuliwa na kuwekwa pangoni pamoja na waliomtangulia. Mapango yenye mafuvu hayo yapo hadi leo katika milima yetu, na wageni hupelekwa kuyaona.

Kisha kulikuwa na kutasa. Mwanaanthropolojia Grace Harris aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili, kikatoka mwaka 1978. Kwa kifupi, hasira iliyofichwa moyoni, iwe ya jirani, ya mzazi au ya waliokufa, iliaminiwa kuleta maradhi na mikosi. Dawa yake ilikuwa mtu kuchukua funda la pombe ya miwa au kinywaji kingine, kulipuliza nje kwa mnyunyizo, na kutamka maneno ya kuiachilia hasira hiyo na kuomba heri.

Naomba nieleweke hapa. Sisemi kwamba imani hiyo ni hadithi ya kubuni. Ilikuwa dini ya watu, na inastahili heshima ya dini. Ninachosema ni kwamba mwandishi kijana anayehangaika kubuni ulimwengu wa ajabu wenye sheria zake, akiiga majoka na makasri ya Ulaya aliyoyaona kwenye televisheni, amekaa juu ya hazina bila kujua. Fikiria hadithi ambamo hasira isiyosemwa inaugua yenyewe, inatoka moyoni mwa mtu mmoja na kumwangusha mwingine, na njia pekee ya kuizuia ni mwenye hasira akubali kuitema mbele ya watu. Hapo una nguvu, una gharama, na una mtu anayelazimika kuchagua. Waandishi wakubwa wa hadithi hizi hulala macho wakitafuta sheria kama hiyo.

Na tusipozisimulia wenyewe, watazisimulia wengine. Mfano uko hapa chini tu. Shuka hadi Voi, fuata reli kuelekea Nairobi, utafika daraja la Mto Tsavo. Mwaka 1898, reli ya Uganda ikijengwa kutoka Mombasa, simba wawili dume waliwasumbua wajenzi wa daraja hilo kwa miezi. Wafanyakazi, wengi wao wakiwa wameletwa kutoka India, walivutwa kutoka mahemani usiku na kuliwa. Msimamizi wa daraja, Mwingereza John Henry Patterson, aliwaua simba wote wawili Desemba ya mwaka huo. Mwaka 1907 alitoa kitabu kuhusu mkasa huo, na mwaka 1924 akaziuza ngozi na mafuvu kwa makumbusho ya Field jijini Chicago kwa dola 5,000. Wako huko mpaka leo, wamejazwa na kusimamishwa ndani ya kioo.

Ndani ya kitabu cha Patterson mwenyewe kuna hadithi nyingine, aliyoiandika kama kichekesho. Anasema wafanyakazi waliamini kwamba wale hawakuwa simba. Walikuwa roho za machifu wawili wa nchi hii waliokufa, zilizochukua umbo la simba ili kuipinga reli isipite katika ardhi yao.

Hebu isome tena sentensi hiyo polepole. Watu walioletwa kutoka mbali kufanya kazi ngumu, usiku gizani, walitafuta maelezo ya kifo kilichowazunguka. Maelezo waliyoyapata yalikuwa kwamba nchi hii ina wenyewe, na wenyewe wamekasirika. Ukisoma kumbukumbu za kampuni ya reli utapata hesabu ya waliokufa. Hesabu zenyewe hazipatani: Patterson alikuja kudai watu 135, na watafiti waliopima mifupa na manyoya ya simba hao wakatangaza mwaka 2009 kwamba makadirio yao ni kama watu 35. Lakini swali la kama reli ilikuwa na haki ya kupita halimo kwenye hesabu hizo. Limo kwenye hadithi ya roho za machifu. Hiyo ndiyo kazi ya hadithi za ajabu ninayoipenda: kusema jambo ambalo daftari la ofisi haliwezi kulisema.

Mwaka 1996 Hollywood ikatoa filamu ya mkasa huo, iitwayo The Ghost and the Darkness. Simba wa kweli wa Tsavo hawakuwa na manyoya ya shingoni. Wale wa filamu wanayo, tele. Na sehemu kubwa ya filamu ilipigwa Afrika Kusini. Kwa hiyo simba wetu wako Chicago, mandhari yetu yako Afrika Kusini, na manyoya ni ya kupachikwa. Silaumu sana. Anayesimulia ndiye anayechagua manyoya. Swali ni kwa nini sisi tuliozaliwa hapa tunaijua hadithi hiyo kupitia filamu.

Na usiniambie Kiswahili hakina desturi hii. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha mkusanyo wa hadithi alizosimuliwa Zanzibar. Humo yumo Nunda, paka aliyeanza kwa kula ndama, akaachwa tu kwa kuwa ni paka wa sultani, akaendelea mpaka akawa mla watu. Mtoto wa mwisho wa sultani, aliyedharauliwa na wote, ndiye aliyetoka kumtafuta na kumuua. Mwaka 1913 Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliandika utenzi wa Fumo Liyongo, shujaa asiyeweza kuuawa kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na anayeijua siri hiyo akamuua ni mwanawe mwenyewe.

Mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza, Shaaban Robert alitoa Kusadikika, nchi iliyo angani, ambako Karama anashitakiwa kwa kosa la kufundisha watu elimu ya sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje kutafuta mambo mema, na kila mmoja aliporudi akatupwa kizuizini. Unadhani angeweza kuandika hivyo moja kwa moja juu ya serikali ya wakati ule? Aliipeleka nchi angani ili aweze kuisema iliyo chini.

Mkondo haujakatika. Kyallo Wamitila alitoa Bina-Adamu! mwaka 2002. Mwaka 2021 Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa alitoa The House of Rust, riwaya ya Kiingereza kuhusu msichana anayetoka baharini kumtafuta baba yake mvuvi kwa chombo cha mifupa, akiwa na paka anayesema. Mwaka uliofuata riwaya hiyo ikapata tuzo ya kwanza kabisa ya Ursula K. Le Guin. Ukitaka kunikasirisha, niambie tena kwamba paka anayesema ni jambo la wazungu. Nunda alikuwa anakula watu Zanzibar kabla babu wa Hollywood hajazaliwa.

Sasa tuje kwenye ubao. Hapa sitajidai. Skeitibodi haikutoka kwa mababu zetu, na sipendi ile tabia ya kulazimisha kila kitu kiwe kilianzia Afrika. Ilianza California miaka ya 1950. Vijana waliozoea kupanda mawimbi ya bahari kwa ubao walikuwa na tatizo: kuna siku bahari inalala, haina wimbi. Basi wakachukua ubao, wakapigilia magurudumu ya viatu vya kuteleza, wakaanza kupanda barabara kana kwamba ni maji.

Sikia hilo: kana kwamba ni maji. Ndiyo maana mimi huiweka michezo hii miwili pamoja. Lami haikuwa wimbi, wao wakaiona wimbi. Huo ni uso wa pili wa kitu, kama vile msitu kuwa fighi.

Magurudumu ya kwanza yalikuwa ya chuma, baadaye ya udongo mgumu. Yalikuwa hatari: changarawe moja ndogo, gurudumu linakwama, wewe unaendelea na safari bila ubao. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Frank Nasworthy akaleta magurudumu ya plastiki laini iitwayo yurithani, yanayoshika barabara na kupita juu ya vijiwe. Kisha California ikapigwa na ukame wa mwaka 1976 na 1977. Maji yakabanwa, mabwawa ya kuogelea ya matajiri yakabaki makavu. Vijana wakaruka ua, wakaingia, wakakuta kuta zilizopinda kama wimbi lililoganda. Mtindo mzima wa kuskeiti ukutani na kuruka hewani ulikomaa humo, ndani ya mabwawa yaliyokosa maji.

Mwishoni mwa muongo huo kijana wa Florida, Alan Gelfand, akagundua namna ya kuruka na ubao bila kuushika kwa mkono. Mruko huo ukaitwa oli, kwa jina lake la utani. Miaka ya mwanzo ya 1980 Rodney Mullen akaufanya kwenye sakafu tambarare: unaupiga mkia wa ubao chini, unauburuza mguu wa mbele kuelekea juu, na ubao unakufuata hewani. Kuanzia hapo ngazi, vyuma vya kushikilia, kingo za saruji, kila kitu cha mji kikawa na matumizi ya pili.

Ukiangalia historia hiyo, karibu kila hatua ilitokana na upungufu: wimbi lilikosekana, maji yakakosekana, ukuta uliopinda ukakosekana. Haikuwa zawadi ya watu walioandaliwa viwanja. Viwanja vilikuja baadaye. Ndiyo maana sikubali kijana wa Wusi aambiwe hawezi kuupenda mchezo huu kwa kuwa hapa hakuna kitu. Kutokuwa na kitu ndiko kulikouanzisha.

Na upungufu sisi tunaujua. Watoto wengi wa Kenya wamewahi kutengeneza gari la mbao lenye magurudumu ya beringi zilizotupwa na mafundi wa magari, likashuka mteremko kwa kelele ya kuamsha mtaa mzima. Huko Goma, mashariki mwa Kongo, watu wamechonga chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedeli, wanayoipanda kwenye mteremko na kuisukuma kwenye mwinuko, ikibeba mamia ya kilo za mkaa, viazi na kabichi. Chukudu si mchezo, ni kazi, na mji wa Goma umeisimamishia sanamu. Lakini mwili unaohitajika ni uleule: magoti yaliyolegea, macho mbele, na kuujua uzito wako.

Mwaka 2006 vijana wa Kitintale, mtaa wa Kampala, wakiwa na Jackson Mubiru na marafiki wachache kutoka nje, walichanganya saruji na kujenga uwanja wa skeiti wenyewe, unaotajwa kuwa wa kwanza Afrika Mashariki. Mwaka 2013 Nairobi ikapata wake, Kangemi, ndani ya makao ya watoto ya Shangilia, kwa msaada wa shirika la Kijerumani la skate-aid. Na mchezo huu ulipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Tokyo mwaka 2021, dhahabu ya kwanza ya wanawake ilichukuliwa na Momiji Nishiya wa Japani, aliyekuwa na umri wa miaka 13. Kwa hiyo hata lile neno "ya watoto" nalikubali. Ni ya watoto. Endelea.

Angalia Kitintale na Kangemi kwa makini. Hakuna aliyesubiri mji uwe kama California. Palipatikana kipande cha ardhi ambacho mtu alikubali kitumike, saruji, na watoto. Kwa Wusi swali la saruji ni dogo kuliko swali la ardhi, kwa sababu iliyo sawa ni chache na kila kipande kina mwenyewe. Lakini shule zina viwanja, makanisa yana viwanja. Sakafu laini ya upana wa darasa moja, yenye ukingo mmoja na mwinuko mdogo mwishoni, inatosha kuanzia. Hapo mtoto anaweza kufanya kazi ya Mullen kwa miaka mitano bila kuimaliza.

Kuna sharti moja, nalo sina utani nalo: si kwenye barabara kuu. Ile barabara ya kushuka Mwatate ni nzuri sana kuitazama, na najua mtu anaiona na kuiota. Lakini ina malori, ina matatu, ina bodaboda zinazokata kona bila honi. Hadithi za ajabu zinafundisha kwamba kila nguvu ina bei, na hata Liyongo alikuwa na kitovu. Mteremko nao una bei yake. Anayempa mtoto ubao bila kumpa mahali salama pa kuutumia amempa nusu ya hadithi, ile nusu mbaya.

Nina maoni mengine mawili yatakayowaudhi wenzangu. Kwanza, skeitibodi si nguo. Kuvaa suruali pana na viatu vya bei huku ubao umeshikwa kwapani ni mapambo, na yule mtoto wa gari la beringi anajua zaidi kuhusu mchezo huu kuliko wewe. Pili, hadithi ya ajabu si orodha ya viumbe. Kumwita joka jina la Kidawida hakulifanyi la Taita. Linakuwa la Taita pale linapohitaji mlima huu hasa ili liishi, pale ambapo ukilihamishia Scotland hadithi inakufa.

Haya yote si starehe tu. Wanaojua jina la kila mwamba, na kwa nini watu hawakukata kuni mahali fulani, wanapungua kila mwaka. Misitu yenyewe imebaki vipande: Ngangao, Chawia, Mbololo. Ndani yake kuna ndege wasiopatikana kokote duniani ila Taita. Kijana anayeamini kwamba hadithi ziko Hollywood na barabara nzuri ziko Nairobi hatakuwa na sababu ya kuuliza jina la mwamba, na jina lisiloulizwa huzikwa na mzee wake, safari hii bila pango la kuliwekea.

Kwa hiyo ninawaomba wasomaji wa umri wangu, hasa mliotoka vijijini mkakaa mjini, mfanye jambo moja dogo mkirudi nyumbani likizo. Mtafuteni bibi au babu, si lazima awe wenu, muulizeni kuhusu mahali pamoja tu: kijito, jiwe, kona ya njia. Andikeni anachosema kwa maneno yake, pamoja na kile mnachodhani ni upuuzi. Kisha muulizeni kama alipokuwa mdogo aliwahi kuteremka mlima juu ya kitu chochote, gome la mgomba, ubao, gunia. Mpeni muda wa kucheka kwanza, halafu msikilize jina la mteremko atakaoutaja.